Maswali tunayoulizwa kuhusu mwaka uliotugeuza: studio ya usanifu wa ndani, Dodoma

Mwaka tunaouongelea hapa ulianza Julai 2023 ukaisha Juni 2024. Tunauhesabu hivyo kwa sababu Dodoma mwaka wa kazi haufunguliwi na Januari. Unafunguliwa na bajeti ya serikali tarehe 1 Julai, unachangamka Aprili wabunge wanaporudi kwa kikao cha bajeti, na Juni watu wanakimbizana kumaliza fedha walizotengewa. Anayeishi kwa kazi za mji huu asipoijua kalenda hiyo atalala njaa huku karamu ikiendelea chumba cha pili.

Tangu hapo tunaulizwa mambo yaleyale, na wenzetu wa fani, na vijana wa mafunzo kwa vitendo, na wateja wanaotaka kujua kama bado tupo. Nimejibu mwenyewe, mwenye studio.

Ninyi ni watu wa Mambo ya Ndani?

Hapana, na tunaulizwa kweli. Katika mji uliojaa wizara, ukijitambulisha getini kuwa "mbunifu wa mambo ya ndani" mlinzi anakuelekeza wizara ya polisi na uhamiaji. Siku hizi tunasema "usanifu wa ndani", na bado tunalazimika kufafanua: tunapanga vyumba, tunachora makabati, dari, taa, sakafu na rangi, karakana yetu inatengeneza vya mbao, na tunasimamia mafundi wengine saiti mpaka mwenye nyumba akabidhiwe funguo. Ofisi ni fremu mbili Area D. Karakana iko Kizota, ambako kelele za msumeno hazimkeri mtu. Tuliuanza mwaka ule tukiwa 13, tukaumaliza tukiwa 8.

Kilibadilika nini hasa?

Ili uelewe lazima turudi nyuma kidogo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973, lakini kwa miaka mingi ulikuwa wa kwenye karatasi zaidi. Mwaka 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahama kweli, mji ukashtuka. 2017 iliyokuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikavunjwa, 2018 manispaa ikawa jiji, 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba. Studio yetu ilizaliwa 2018 juu ya wimbi hilo. Watumishi walikuwa wanashuka na mabegi, wanapanga nyumba katika mitaa ya Kisasa, Ilazo na Nkuhungu, na ofisi zao zinataka vizuizi vya kugawa vyumba, makabati ya mafaili na mapazia, tena vyote wiki hiyohiyo. Hatukuhitaji kutafuta wateja. Tulihitaji kulala.

Kufikia 2023 wimbi lilikuwa limetulia. Waliohama walishahama. Ofisi za muda zilikuwa zinapisha majengo ya ghorofa ya kudumu, na majengo hayo yana makandarasi wakubwa ambao umaliziaji wa ndani umo tayari katika mikataba yao. Sisi wadogo tukabaki kugawiwa vipande: dari ya ghorofa hii, makabati ya ile. Ndani ya miezi hiyohiyo umeme ukaingia mgao, dola ikaadimika, ununuzi wa umma ukahamia mfumo mpya, na mwenzangu tuliyeanzisha naye studio akaamua kuondoka. Kila kimoja peke yake tungekimeza. Vilikuja kwa msafara.

Ulijuaje kwamba ni wakati wa kubadilika, na si mwezi mbaya tu?

Kwa daftari la madeni. Kwa macho nisingejua, maana kazi zilikuwa zinaingia na kirikuu chetu hakikupata kupoa injini. Agosti nikakaa na binti wetu wa hesabu tukajumlisha tunachodai. Kilikuwa kikubwa kuliko mishahara ya miezi mitano. Tulikuwa tunafanya kazi kwa bidii sana ili watu wengine watukope bila riba.

Kazi iliyonifungua macho ilikuwa ya ofisi, chini ya mkandarasi ambaye simtaji. Tulikabidhi Aprili. Yeye akasema hajalipwa, mwenye jengo akasema kalipa, sisi tukawa nyasi chini ya miguu yao. Nilikwenda kudai mara 11. Nilianza kuhesabu baada ya mara ya tatu. Siku ya 11 mlinzi aliniamkia kwa jina.

Hapo nikaweka sharti moja: hatuchukui kazi ambayo sisi ni wa tatu kwenye foleni ya malipo, mpaka nusu ya fedha iwe mkononi kabla ya kukata ubao wa kwanza. Kwa kazi za ofisi sharti hilo lilikuwa sawa na kujifukuzisha, na nilijua. Mshirika wangu alisema mapato yatashuka. Yalishuka kweli, hakukosea.

Kwa hiyo sasa wateja wenu ni nani?

Wenye nyumba zao, hasa watumishi waliochoka kupanga na sasa wanamalizia nyumba Iyumbu, Nala na Mkonze, chumba kimoja kimoja. Wenye nyumba za wageni nao wapo, kwa kuwa kila kikao cha Bunge vitanda vinakuwa adimu na mwenye chumba kizuri anapanga bei. Zahanati na ofisi ndogo za mawakili ni chache lakini zinalipa. Mteja wa nyumba anasumbua kuliko wa ofisi, atakupigia saa 4 usiku kuulizia rangi ya bawaba. Ila fedha ni yake, na anaishi na kazi yako, kwa hiyo anaithamini.

Mshirika alipoondoka, mliwaambiaje watu wenu?

Vibaya. Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza kuongoza, na nilijifunza kwa aibu.

Tulikubaliana kuachana Septemba, kwa amani. Yeye alichukua gari kubwa na wateja wawili wa zamani, akaenda Dar es Salaam kuuza vifaa vya umaliziaji. Mimi nikabaki na pango la karakana, mashine, jina na madeni, ya kudai na ya kudaiwa. Tukasema tutawatangazia watu karatasi zikishasainiwa. Karatasi zikachukua wiki 5.

Katikati ya wiki hizo nilikwenda kwa mama ntilie pale Kizota kununua ugali na mlenda. Akanipakulia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Eti mama, mnafunga?" Nikamuuliza nani kasema. Akacheka tu. Nilipofika karakana nikamkuta fundi mkuu ameshapanga vifaa vyake kwenye sanduku, kimoja kimoja, kama mtu anayesubiri basi. Alikuwa amejua kwa wiki mbili. Wote walikuwa wamejua. Tena walichokijua kilikuwa kibaya kuliko ukweli: walisikia mashine zimeuzwa na mishahara ya Oktoba haipo.

Jumamosi ile nikawaita wote saa 4 asubuhi, kabla ya kugawa posho ya wiki. Nikachukua kipande cha ubao, nikaandika kwa chaki namba tatu: kilichopo benki, tunachodai, tunachodaiwa. Nikaeleza nani anaondoka, nani anabaki, na kwamba mishahara ya miezi miwili ipo, wa tatu haupo bado. Kimya. Kisha kijana wetu wa msasa akasema, "Kumbe bosi na wewe unadaiwa." Watu wakacheka, na fundi mkuu akaanza kurudisha randa zake ukutani.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi saa 4 ubao ule unaandikwa upya. Mwezi mbaya unaandikwa, mwezi mzuri unaandikwa.

Si hatari kuwaonyesha wafanyakazi hesabu?

Ina gharama yake, sitakuficha. Mwezi wa pili mteja mmoja alikataa kutoa malipo ya awali akasema, "Mna milioni 18 benki, mnataka advansi ya nini?" Namba ilikuwa sahihi kabisa. Nani aliipeleka sikutafuta. Tuliacha kuandika majina ya wateja, na nikaeleza kwamba milioni 18 zile zilikuwa na wenyewe: za mbao, za mshahara, za kodi ya pango. Wenzangu wenye studio wananiambia nimejivua nguo. Huenda. Lakini uvumi nao ni hesabu, ila zinaandikwa na watu wengine na huna chaki ya kuzifuta.

Mlipunguzaje watu bila kuishia kwenye kesi?

Kutoka 13 hadi 8: mmoja alimfuata mshirika wangu, mmoja alipata kazi kwingine, na watatu tuliwapunguza. Hao watatu ndio walioninyima usingizi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu kupunguza wafanyakazi kwa sababu za uendeshaji, ila haikuruhusu kuamka asubuhi na bahasha. Unatoa taarifa ya kusudio, unaweka wazi taarifa zinazohusika, unashauriana nao kuhusu sababu, njia za kuepuka, namna ya kuchagua nani aondoke, muda, na malipo. Ndipo inakuja notisi, ambayo kwa mtu wa mshahara wa mwezi si chini ya siku 28. Aliyefanya kazi mwaka mmoja au zaidi anastahili kiinua mgongo cha angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10, mbali na likizo ambayo hakuichukua na cheti cha utumishi. Ukiruka hatua, aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko "hali ilikuwa ngumu" haitoshi kuwa utetezi.

Mashauriano nilidhani ni ya kutimiza sheria tu. Kumbe ndipo yalipotoka mawazo. Fundi rangi akapendekeza siku 4 za kazi kwa wiki kwa wote badala ya kumtoa mtu, tukaandikiana, tukajaribu Oktoba na Novemba. Ilituongezea pumzi ya miezi miwili, haikutosha. Pia nilikuja na kanuni rahisi, aliyeingia mwisho atoke kwanza. Fundi mkuu akaipinga: aliyeingia mwisho ndiye pekee aliyejua kuchora kwa kompyuta. Tukachagua kwa ujuzi tunaouhitaji, na kanuni hiyo ikamwangukia mtu wa miaka mitano, seremala wa vitanda, mkono mzuri sana, lakini vitanda tulikuwa tumeacha kutengeneza.

Nilipomkabidhi malipo yake hakusema mengi. Aliomba randa moja ya mkono aliyokuwa anaitumia. Tulimpa, na leo ana kibanda chake Chang'ombe. Vitanda vya wateja wetu anatengeneza yeye, kwa oda, na bei anapanga mwenyewe. Yule kijana wa kompyuta? Aliacha kazi Mei. Ndivyo ilivyo.

Mgao wa umeme mliuvukaje?

Kwa kupanga upya siku. Kuanzia mwishoni mwa 2023 umeme ulikuwa unakatika kwa saa nyingi, na karakana ya mbao bila umeme ni ghala lenye watu. Jenereta tulilijaribu, mafuta yakala faida ya kabati zima kwa wiki. Tukagawa kazi mbili: umeme ukiwepo, hata usiku, ni kukata na kuranda tu, vipande vya kazi tatu kwa mkupuo, usipokuwepo ni kuunga, kupiga msasa kwa mkono na vanishi kwa brashi. Waliokuja usiku walilipwa saa za ziada kwa kiwango cha mara moja na nusu kama sheria inavyotaka, na hilo nalo liliandikwa ubaoni. Hali ilianza kulainika baada ya Februari 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulipoanza kuingiza megawati zake 235 katika gridi. Mpangilio wa kukata kwa mkupuo tumebaki nao, umetupunguzia mabaki ya mbao.

Na dola ilipopanda?

Mbao ni za kwetu, ila bawaba, reli za droo, mabomba, taa na vitasa vinatoka nje, na muuzaji wa Kariakoo anakupigia bei ya dola hata akikutajia shilingi. Dola iliyokuwa kama shilingi 2,300 mwanzoni mwa 2023 ilifika kama 2,600 kufikia katikati ya 2024. Makisio ya Julai yalikuwa hasara ifikapo Novemba.

Tulifanya mawili. Makisio yetu yote sasa yana uhai wa siku 14, yameandikwa hivyo kwa herufi kubwa. Na tulipunguza vya kuagiza: vigae tunachukua vya viwanda vya Mkuranga na Chalinze, na droo mbili zikiweza kufanya kazi ya nne, tunachora mbili. Mteja mmoja alinuna, akasema tunambania. Alipoona tofauti ya bei aliuliza kama hata hizo mbili zina ulazima.

Funzo jingine dogo: usiiache oda mpaka mwisho wa Juni. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Juni 2024 tulikuwa na jiko la watu lisilo na bawaba hata moja.

Kwa nini kabati nililonunua Dar lilipasuka nilipolileta Dodoma?

Hili si la uongozi, ila linaulizwa kuliko yote, na limetupatia wateja wengi.

Mti hata ukishakuwa ubao unaendelea kunywa na kutoa unyevu kulingana na hewa. Dar es Salaam hewa ni nzito mwaka mzima. Dodoma tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na kiangazi cha miezi mingine ni kikavu chenye upepo. Kabati lililoungwa Dar likikaa hapa miezi mitatu linasinyaa: milango inaachana, vioo vinalegea, ubao mpana uliofungwa kwa gundi pande zote unapasuka katikati maana hauna pa kwenda. Paini kutoka Mafinga nayo ikija mbichi inajikunja ikiwa bado kwenye kirikuu.

Sisi tunaziacha mbao zipangwe karakana, zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzigusa. Ubao mpana tunauingiza kwenye mfuo bila gundi ili upate nafasi ya kupumua. Mninga hutulia vizuri, bei yake ndiyo haitulii. Mwaka ule wa shida nilijaribiwa kufupisha wiki hizo ili fedha izunguke. Nilifupisha mara moja. Milango ile 6 tulikwenda kuibadilisha kwa gharama zetu Septemba iliyofuata.

Mnatoza vipi? Na kwa nini nilipie mchoro?

Zamani mchoro ulikuwa bure, gharama yake tumeificha kwenye bei ya kabati. Matokeo yake watu walichukua mchoro wakaupeleka kwa fundi wa mtaani. Siwalaumu, ningefanya vilevile.

Sasa mchoro una bei yake kwa chumba na ukishalipia ni mali yako, mpelekee fundi umtakaye. Ukitengenezea kwetu, 60% inalipwa kabla ya kununua vifaa, 30% kazi inapofika saiti, 10% baada ya kuitumia wiki mbili. Hiyo 10 ya mwisho ndiyo inayowapa watu imani. Robo ya kwanza tulipoteza wateja wengi kwa utaratibu huu, na nusura niurudishe wa zamani. Wengine walirudi na kazi ya mchoro wetu iliyotengenezwa na mtu mwingine, wakitaka tuirekebishe.

Bado mnaomba zabuni za serikali?

Chache. Kuanzia 1 Oktoba 2023 ununuzi wa umma ulihamia NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni. Umepunguza safari za kupeleka bahasha, ila unataka nyaraka zako zote ziwe hai. Kama mna kikundi cha wanawake, vijana, wazee au watu wenye ulemavu, ulizieni ile 30% ya ununuzi iliyotengwa kwa makundi maalumu.

VAT mlifanyaje?

Kiwango cha mauzo ya mwaka cha kulazimika kusajiliwa kilipandishwa 2023 kutoka milioni 100 hadi 200. Kwa mapato yaliyoshuka tukawa chini yake. Muulize mhasibu wako, usimuulize jirani.

Lazima nisajiliwe ili nifungue studio?

Fani hii inasimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, wengi wanaiita AQRB. Anzia kwao, kabla ya kuchapisha kadi za biashara. Ukitaka kusoma, Chuo Kikuu Ardhi kina shahada ya usanifu wa ndani.

Mafundi wazee na vijana wa kompyuta wanaelewanaje?

Kwa shida, na mimi nilichochea. Picha za kompyuta zilipoanza kuuza kazi, nikazitukuza. Vijana wakawa wanachora kabati linaloelea ukutani bila msumari, mteja anaipenda, na fundi mkuu anaambiwa "tengeneza kama picha". Siku moja akaishika picha, akaigeuza nyuma, akauliza, "Bawaba iko upande huu?"

Sasa hakuna picha inayokwenda kwa mteja kabla fundi mkuu hajaiwekea saini. Anachelewesha, ndiyo. Kijana aliyekuja baada ya yule wa Mei tulimweka karakana wiki 6 kabla hajagusa kompyuta. Alilalamika kwa mama yake, mama akanipigia. Nikamweleza. Akasema, "Mwache hapohapo."

Naweza kupata sebule kama niliyoiona kwenye simu?

Unaweza. Utaishi nayo ni swali jingine. Sebule nyingi za kwenye simu zimepigwa picha Dubai, kwenye kiyoyozi, bila vumbi. Hapa kuna vumbi jekundu linaloingia hata dirisha likiwa limefungwa, na kuanzia Julai upepo unalileta kwa ndoo. Kapeti jeupe ni adhabu. Kabati jeusi la kung'aa litaonyesha kila kidole. Bomba jeusi bafuni litaota ukungu mweupe wa chumvi kwa sababu maji yetu ya visima ni magumu. Lile la rangi ya chuma kilichokwaruzwa linasitiri. Dirisha kubwa la kioo upande wa magharibi litakuchemsha saa 10 jioni, na Juni usiku litakugandisha. Mchwa nao hawasomi majarida: mguu wa kabati usiguse sakafu moja kwa moja.

Wagogo walilijua hili kabla yetu. Tembe ina kuta nene za miti na udongo, paa bapa la udongo, matundu madogo ya mwanga. Mchana wa Oktoba ingia ndani ya moja utaona. Simwambii mtu ajenge tembe Iyumbu. Ila nyumba yetu ya wageni tuliyoipenda kuliko zote mwaka ule tuliichora hivyo: madirisha membamba upande wa jua, kuta za lipu ya rangi ya udongo ambayo vumbi haliionei, ukindu kwenye dari ya baraza, na kivuli cha mzabibu nje. Mwenye nyumba alisita, akasema itafanana na kwa bibi yake. Wageni wa kikao cha Aprili waliulizia hicho chumba kwanza.

Ni vigumu mwanamke kuongoza mafundi?

Fundi akishakuona unajua tofauti ya mninga na mkongo kwa harufu, mjadala unakwisha. Wateja ndio wanaouliza "bosi yuko wapi?" huku nimesimama mbele yao na futi mkononi.

Kuna jambo ungelifanya tofauti?

Wiki zile 5. Ningewaambia siku ya kwanza, kabla ya karatasi, kabla ya mwanasheria, hata kama ningesema tu "tunaachana, mengine sijui". Na nisingeuza mashine ya kubandika kingo za mbao. Niliiuza Januari kwa hofu, kwa bei ya hofu. Sasa tunaikodi kwa aliyeinunua.

Naweza kutembelea karakana?

Karibu, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Vaa viatu vya kufunika vidole. Jumamosi saa 4 simu zinazimwa na mlango unafungwa kwa dakika 40 hivi. Ukiwa umefika mapema unaruhusiwa kukaa kwenye benchi la nyuma kusikiliza, wenzetu wawili wa fani wameshafanya hivyo. Ila ukikaa, tutakuuliza na wewe unadaiwa kiasi gani.